Karai Likae Wapi Siku ya Idi?

Kila Idi Pili ukoo wetu hukutana nyumbani kwa Bibi, Ngamiani, mjini Tanga. Safari iliyopita tulifika watu 63, kuanzia mtoto wa miezi miwili hadi Bibi mwenyewe, na mkekani vililetwa vya kukaanga aina 11: maandazi, kalimati, visheti, sambusa za nyama, sambusa za mboga, katlesi, kachori, bajia za dengu, bajia za kunde, mihogo na samaki. Pilau ilikuwapo pia, lakini nani anaitazama pilau mbele ya kachori na chatne ya nazi?

Usiku, wageni wa mbali wakiwa wameshaaga, Shangazi alikiweka chini kikombe chake cha kahawa akasema, "Mama, mwakani karai lipumzike." Hatukulala mapema. Nimeyaandika yaliyosemwa kwa idhini ya waliosema, kwa kuwa naamini swali hili limo katika nyumba nyingi za pwani, na mara nyingi huzimwa kwa heshima kabla halijajibiwa. Mimi niliingia katika mazungumzo nikiwa upande wa Bibi. Msomaji ataona nilipotokea.

Shangazi: Nianze mimi, maana ndimi niliyelianzisha. Sisemi haya kwa kukichukia chakula cha kwetu. Karai hilo limenilea. Ila huu mwaka wa 19 nafanya kazi kliniki ya kisukari na presha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinakaribia kalori 120. Mtu anayekula andazi hakioni hicho kijiko, anaona andazi. Leo mkekani nimehesabu watu wanne ninaowapima presha kwa mkono wangu, na wawili wanaojichoma sindano ya insulini. Kalimati zimelowa shira, andazi lina sukari, kachori ni kiazi kilichovikwa unga. Watu hawa tunawapenda, halafu tunawasogezea sinia na kuwaambia, "Kula bwana, leo Idi."

Bibi: Mwanangu, nimekusikia, na hesabu yako siipingi. Ila nikuulize: mimi nilipokuwa nakulea, karai lilipanda motoni mara ngapi kwa mwezi? Tulichoma sambusa Idi na harusi. Tulichoma maandazi mgeni akilala. Siku nyingine mlikunywa uji, mkala muhogo wa kuchemsha, samaki wa kuchoma makaani, mboga ya tui. Mafuta yalinunuliwa kwa kipimo, yakatumiwa kwa kipimo. Siku hizi mtu anakula andazi asubuhi kituoni, chipsi mchana, sambusa jioni akingojea basi, Jumatatu mpaka Jumapili. Kisha anakuja kulishitaki karai langu la Idi! Kama kuna karai la kupumzishwa, tuanze na lile la kila siku.

Hapo Baba Mdogo akajikohoza. Yeye ndiye mwenye karai la kila siku: anauza chipsi barabarani kwa miaka mingi, na chipsi hizo zimesomesha watoto watatu.

Baba Mdogo: Mama amenigusa, na sina la kujitetea kwa maneno. Nitasema ninachokijua. Katika kazi yangu adui wa kwanza ni mafuta yaliyochoka. Mafuta mapya yana rangi ya jua la asubuhi, mepesi, hayana harufu. Ukiyatumia, yakapoa, ukayatumia tena na tena, yanakuwa meusi, yanakuwa mazito kama asali, yanatoa povu lisilokatika, na moshi unaanza kabla hujatia kitu. Hapo ni ya kutupa. Tatizo ni bei. Mnakumbuka mwaka 2022: vita vya Ukraine viliyafunga mafuta ya alizeti, na Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Bei ilipanda hadi hapa Tanga. Wenye vibanda wengi tuliongeza mafuta mapya juu ya ya zamani badala ya kuyamwaga. Sikuona fahari kwa hilo.

Shangazi: Ahsante kwa ukweli wako. Kwa wenzetu Ufaransa na Uhispania sheria imeweka kikomo: viambata vilivyoharibika vikizidi asilimia 25, mafuta hayo hayakaangii tena chakula cha kuuza. Hapa mteja anategemea macho yake na uaminifu wa muuzaji. Na liko jingine. Mwezi Aprili 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga, kama viazi na unga, vikikaangwa au kuokwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 120, hufanya kemikali iitwayo akrilamaidi. Kwa wanyama wa maabara imeleta saratani. Kwa binadamu anayeila ndani ya chakula ushahidi haujakaa sawa. Mimi simtishi mtu. Nasema tu kwamba rangi ya kahawia iliyokolea, ile watoto wanayoigombania, ndiyo yenye nyingi zaidi.

Bibi: Andazi la rangi hiyo kwangu limeungua. Nani amekufundisha kwamba andazi jeusi ndilo limeiva?

Shangazi: Hakuna, Mama. Ila leo sinia la pili lilikuwa hivyo, na lote limeliwa.

Sinia la pili lilikuwa langu. Niliachiwa karai kwa nusu saa, moto ukanizidi.

Baba Mdogo: Sasa tuseme kuhusu moto, maana wengi wanadhani mafuta yasipokuwa makali sana ndiyo chakula kinakuwa salama. Sivyo. Ukitia andazi katika mafuta ya vuguvugu linalala chini, linakaa muda mrefu, linatoka limelowa. Ulikamue, litatoa mafuta. Yakiwa ya moto sawasawa, baina ya nyuzi 170 na 180, maji yaliyo ndani ya unga yanageuka mvuke palepale na kutoka kwa nguvu. Yale mapovu mnayoyaona si mafuta yanayochemka, ni mvuke unaotoka ndani ya chakula. Huo mvuke ukiwa unatoka, mafuta hayaingii sana. Yanaingia baadaye: ukiliopoa andazi, linaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyoshika juu ya ganda yanafyonzwa. Ndiyo maana anayeopoa akalitikisa andazi juu ya karai, akaliweka juu ya wavu wa waya likiwa bado moto, amepunguza mafuta mengi kuliko anayelirundika katika beseni juu ya wenzake.

Nilimtazama Bibi. Kwa miaka yote niliyomjua, Bibi hakai akilitazama karai. Anakaa pembeni amelipa sikio. Sambusa zikiingia, mafuta yanapiga kelele kama mvua juu ya bati. Kelele inapungua kidogo kidogo, inakuwa mchirizo, kisha karibu kunyamaza, na hapo Bibi husema, "Opoa." Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima. Usiku ule nilielewa anachokisikiliza: kelele ni mvuke, na mvuke ukiisha, kinga imeondoka, sekunde chache zaidi, mafuta yanaingia na ganda linaungua. Bibi alikuwa akipima unyevu wa sambusa kwa sikio kabla mimi sijazaliwa.

Binamu: Mimi huko Maskati ninakoishi sina karai. Jikoni kwetu tumefunga kengele ya moshi, na mafuta lita tano kwa watu wawili nitayafanya nini? Natumia jiko la hewa moto, hilo dogo lenye feni, na hata leo nimekuja nalo. Kwa kweli ni tanuri dogo tu ambalo feni yake inazungusha joto kwa kasi. Sambusa nazipaka mafuta kwa brashi, kijiko kimoja kwa sambusa 12, zinatoka kavu na zinalia mdomoni. Katlesi pia. Kwa nini tusiwe na majiko hayo manne mkekani, Shangazi akapata amani na mtu asinuke moshi?

Mama: Kalimati je?

Binamu: Kalimati, nakubali, hapana. Rojo lake ni laini, linapita kwenye matundu ya kikapu na kudondoka chini. Bajia za dengu vilevile, na kachori, kwa sababu kiazi kinachovywa katika rojo. Rojo linataka mafuta ya kulishika pande zote kwa wakati mmoja kabla halijamwagika. Nilijaribu mara tatu, nikasafisha mara tatu.

Mimi: Bibi, naomba nami niseme, na unisamehe kama nitalisogelea jambo zito. Hapa neno "mila" limezunguka sana. Nasomesha historia, na nikipekua kilichokuwa mkekani leo naona bahari nzima. Sambusa jina lake limetoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu na Wahindi. Karai lenyewe ni neno la Kihindi, na unga wa dengu umekuja na bajia zake kutoka hukohuko. Kalimati ni ndugu wa luqaimati ya Ghuba, yaani vitonge vidogo. Muhogo na kiazi ni mazao ya Amerika. Havikuwapo upande huu wa dunia kabla ya Wareno na Wahispania kuvuka bahari. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, alisifu wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Kachori ya kiazi isingeweza kuandikwa na mtu yeyote wakati ule. Kwa hiyo nilikuwa nikifikiri: kama mila ilipokea haya yote, haiwezi pia kuyapunguza?

Bibi: Mjukuu wangu, umesoma, na nafurahi. Lakini waliotangulia walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiazi alikuja mgeni, tukampa jembe, akalima pamoja nasi: tukamtia ndimu, pilipili mbuzi na binzari, tukamvika unga wa dengu, tukamwekea chatne ya nazi. Nani huko Amerika anamjua kwa sura hiyo? Ukiniambia tupunguze, nitakusikiliza. Usiniambie tu kwamba si chetu.

Nilikubali, na bado nakubali. Nikasema chakula kinakuwa cha watu kwa kazi ya mikono waliyoitia ndani yake. Lakini neno "mikono" ndilo lililomfanya Mama anyanyue uso. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kama anavyokaa sikuzote, tayari kuinuka mtu akitaka maji.

Mama: Kwa heshima yako, Mama, na wifi yangu, na shemeji, naomba niseme mara moja halafu ninyamaze. Niliingia nyumba hii nikiwa na miaka 22. Tangu hapo kila Idi Pili naijulia jikoni. Naamka saa tisa usiku kukanda unga, ili alfajiri uwe umeumuka. Nasukuma, nakata, nachoma. Manda za sambusa nazikunja usiku wa kuamkia. Saa nne asubuhi kuna sinia tatu, saa sita kuna sinia nane, zote zimefunikwa kwa kawa au zimejazwa katika hotpoti. Ninapooga na kubadili nguo, wageni wameshakula, na mimi sina hamu hata ya kuonja, moshi wa mafuta umenijaa kifuani. Wifi amesema karai lipumzike. Shemeji amesema mafuta yapumzike. Sijasikia mtu aliyesema mpishi apumzike.

Hakuna aliyejibu haraka. Nilitazama mikono yake. Kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ana madoa madogo ya rangi nyepesi, kama matone ya mvua ya kwanza juu ya mchanga. Mengine nimeyaona tangu utotoni bila kuuliza yametoka wapi. Na nikakumbuka jinsi anavyotia kalimati: anachota rojo kwa kiganja cha kushoto, anafumba ngumi, kitonge kinachomoza baina ya kidole gumba na cha shahada, anakikata kwa kijiko kilicholowa na kukidondosha, kabla hakijazama amekata kingine. Vitonge ishirini kwa pumzi chache, vyote vya ukubwa mmoja, vinajigeuza vyenyewe ndani ya mafuta. Ni ufundi ambao ukoo mzima unaula na karibu hakuna aliyewahi kuja jikoni kuutazama.

Bibi: Mwanangu, kwa nini hukuniambia?

Mama: Ningeanzia wapi, Mama? Wewe ulifanya hivyohivyo.

Bibi: Hapana. Hilo ndilo ninalotaka mlijue nyote. Mimi sikuwahi kuchoma peke yangu. Karai lilikaa uani, juu ya mafiga. Tulikuwa wanne watano: huyu anasukuma, huyu anakata, huyu anachoma, huyu anaopoa, na mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda anakuna nazi na kutuzungumzisha. Waume zetu walipita wakiomba andazi la moto, wakapewa. Watoto walikaa mstari. Hakukuwa na hotpoti, kilichotoka kililiwa. Lilipoletwa jiko la gesi, mwenyewe nilishangilia, maana kuni zilitutoa machozi. Jiko likawekwa ndani, mahali penye nafasi ya mtu mmoja. Wengine wakabaki nje. Sikuona siku karai lilipogeuka kuwa la mtu mmoja.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mjadala ulipoacha kuwa wa mafuta na kuwa wa mahali. Tulikuwa tukiuliza karai liwepo au lisiwepo. Bibi alituonyesha kwamba swali ni likae wapi.

Baba Mdogo: Na hilo linajibu jambo la chakula pia. Pilau inakungoja. Biriani inakungoja. Kitu cha kukaanga hakingoji mtu. Ganda lake ni kavu, ndani kuna unyevu. Ukikiacha, unyevu unatoka nje kulifuata ganda. Ukikifunika katika hotpoti kingali moto, mvuke wake unakigeukia, kinalowa, kinakuwa kama kitambaa. Watu wanaokula sambusa ya saa nne kwenye saa nane wanakula tisa ili waipate ladha ya mbili. Wakipewa mbili zilizotoka sasa hivi, wengi wataridhika. Hata barabarani kwangu anayesubiri chipsi zake zikitoka karaini haombi nyongeza kama anayepewa za kabatini.

Shangazi: Kwa hilo uko pamoja nami bila kujua. Tatizo langu kubwa na yale masinia ni kwamba yapo tu, yamejaa, mtu anapita anachukua, anarudi anachukua. Kikitoka kidogo kidogo, mtu anakula, anangojea, tumbo linapata wakati wa kumwambia limeshiba. Wagonjwa wangu nitawapangia: sambusa moja ya moto, kachumbari, samaki, kalimati mbili na si sahani. Hilo naweza kulisimamia. Ila karai la uani lina hatari yake, na hiyo siinyamazii. Nimewapokea watoto waliomwagikiwa na mafuta. Mafuta ya kukaangia yana joto linalokaribia mara mbili ya maji yanayochemka, tena yanashika kwenye ngozi.

Aliyoyasema baada ya hapo niliyaandika neno kwa neno, na nayaweka hapa kwa sababu yanahusu kila nyumba yenye karai. Mafuta yasizidi nusu ya kina cha karai, kwa kuwa chakula chenye maji kikiingia yanapanda. Karai likae juu ya kitu kisichotikisika, na wasiohusika wakae hatua tatu nyuma; mstari uchorwe chini kwa chaki ili mtoto auone. Kanga isining'inie karibu na moto. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa sinia au kifuniko cha chuma na usilifunue mpaka lipoe. Maji yasitiwe hata tone: maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke unaojaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe, na mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hewani. Mtu akiungua, kidonda kiwekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha aende hospitali. Dawa ya meno, samli, asali na mayai vibaki jikoni.

Binamu: Na jiko langu la hewa? Limefukuzwa?

Mama: Halijafukuzwa. Katlesi zangu nakukabidhi wewe. Zikipasuka, utajibu mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa orodha. Hapa tulikaa muda mrefu, kwa sababu kila mtu ana aina moja asiyoweza kuiacha. Baba Mdogo alitupa kanuni ya kazi yake iliyotusaidia kupanga: karai moja likikaanga vitu vingi, vianze vile visivyoacha harufu, vifuate vyenye viungo, na samaki awe wa mwisho. Mafuta yaliyopita samaki yanabeba harufu yake hadi kwenye andazi, na hayafai kuwekwa. Kati ya duru moja na nyingine, makombo ya unga yachotwe kwa kijiko cha matundu, kwa kuwa ndiyo yanayoungua na kuyatia mafuta weusi. Na karai lisijazwe; ukitia sambusa 20 mahali pa nane, mafuta yanapoa, na zote zinalowa.

Kwa kanuni hiyo tulikubaliana aina tano. Maandazi yataanza, kwa sababu ni jamaa ya mkate na yanaweza kulala hadi chai ya kesho. Kalimati zitafuata mafuta yakiwa bado masafi. Kisha kachori, kisha sambusa za nyama, na mwisho vipande vya nguru. Mihogo itachomwa makaani na kupakwa ndimu na pilipili. Visheti na bajia za dengu vimeachwa kwa ajili ya harusi. Bajia za kunde hazijapata hukumu: Bibi anazitaka, Shangazi anasema tano ni tano, na yeye mwenyewe alikuwa amependekeza tatu.

Kazi za maandalizi zitaanza siku mbili kabla: kukunja manda, kutwanga viungo, kukanda. Zimegawanywa kwa majina, na majina ya wanaume yamo. Karai litawashwa baada ya sala ya alasiri, uani, mkeka ukiwa umetandikwa upande wa upepo ili moshi usiwafuate walaji. Mafuta yatakuwa mapya, na hayatatumika tena baada ya samaki. Kila zamu ni nusu saa, watu wawili wawili: mmoja anatia, mmoja anaopoa. Bibi atakaa kwenye kigoda, upande wa kulia, mahali sikio lake linapofika.

Sasa nitoe neno langu. Shangazi ana haki katika hesabu yake, na Bibi ana haki katika kumbukumbu yake. Tulichokipoteza katikati ni jambo moja: kukaanga ni mapishi ya watu waliopo. Kilikuwa chakula cha siku chache, kilichotoka karaini kwenda mkononi, na kilitaka mikono mingi kwa sababu hakisubiri. Tulipokifanya cha kila siku kikatuletea maradhi. Tulipokifanya cha hotpoti kikapoteza ladha, tukafidia kwa wingi. Na tulipokiingiza ndani ya chumba chenye nafasi ya mtu mmoja, mtu huyo akawa mama yangu. Makosa haya matatu yana mzizi mmoja: tumeliondoa karai mbele ya macho ya walaji. Anayemwona mpishi akifuta jasho hagombanii sinia la tatu. Anayengojea sambusa yake ikinyamaza ndani ya mafuta anajua ni kitu cha thamani, na anakila hivyo. Nawaomba wenye nyumba kama yetu walijaribu hili kabla ya kulitupa karai, na kabla ya kulitetea.

Mimi nimepangiwa samaki, zamu ya mwisho, pamoja na kijana wa Baba Mdogo. Sharti la Bibi ni kwamba nisiopoe mpaka aseme. Sharti la Mama ni dogo zaidi: siku hiyo hatakaa karibu na mlango. Atakaa katikati ya mkeka, na sambusa yake ataletewa ikiwa bado moto.